Shemeji wa Mkononi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili usipoteze muda kumtafuta mwingine humu ndani, maana watu wengine wote walikuwa na akili zao timamu, hata marehemu.

Tulikuwa kwenye mazishi ya Mzee Kikoti, Kihesa, hapa Iringa, mwezi wa sita, baridi ile ya kung'ata masikio. Mzee Kikoti alikuwa fundi wa baiskeli za mianzi, na karakana yake ndiyo iliyompa kazi kijana wangu, Desderi Komba, baada ya karakana kumi na moja kumfungia mlango. Nikisema kijana wangu nina maana ya kazi. Mimi ni mlezi wa vijana wanaotoka gerezani kwa parole: kijana anaachiwa kabla ya muda, miaka iliyobaki anaimalizia nje kwa masharti, na mimi natembea naye asianguke. Kazi hii nilipewa kwa sababu nami nilikaa ndani miaka tisa nikiwa kijana, na wakubwa wakaona ni vizuri kuwa na mtu anayejua chumba kile kinanukaje.

Desderi alikuwa na miaka ishirini. Alifungwa kwa kuiba betri za pikipiki za umeme, ishirini na tatu kwa wiki moja. Nilimwambia siku ya kwanza kwamba bidii ile angeipeleka shuleni sasa hivi angekuwa anatupasua matumbo hospitalini. Alicheka, na tangu hapo tukaelewana. Alikuwa amebakiza miaka minne ya masharti, na mkono wa kushoto alivaa kikuku cheupe, chembamba kama uzi wa kiatu, kisichovuliwa wala kukatwa. Jina la serikali ni Mizani. Sisi mtaani tunamwita Shemeji, kwa sababu anakaa kwako bila kualikwa, anajua umelala wapi na umekula na nani, na asipopendezwa na jambo anakwenda kulisema kwa wakubwa.

Sasa, mimi na Desderi ni Wangoni. Marehemu alikuwa Mhehe. Mababu zetu walipigana vibaya sana, wakachoka, wakapatana, na tangu hapo sisi ni watani. Kwenye msiba wa Mhehe, Mngoni ana kazi zake: anachimba kaburi, anabeba jeneza, na katikati ya kilio anafanya vituko mpaka wafiwa wacheke hata kama hawataki. Anaweza kuvaa nguo za marehemu na kumuigiza. Anaweza kukamata kitu cha nyumba ile na kutokomea nacho, mpaka akombolewe kwa kuku au kibuyu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi. Msiba usio na watani watu wanausema miaka kumi.

Mama Kikoti, mjane, alikuwa ameketi mkekani siku ya tatu bila kulia wala kusema. Macho makavu. Wanawake walimwimbia, padri alimwombea, yeye kimya. Watu wazima tukaanza kutazamana. Mtu akinyamaza hivyo, kuna kitu kinamwozea ndani.

Nikamsogelea Desderi, akiwa bado na udongo wa kaburi viganjani, nikamwonyesha kwa kidevu baiskeli ya marehemu iliyoegemea ukuta. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa na mzee, mianzi imekolea rangi ya chai, na ndani ya kiunzi, kama kila kitu cha thamani siku hizi, kulikuwa na chipu yenye jina la mwenyewe. Desderi alielewa. Akajifuta mikono, akaenda, akashika usukani. Hapo hapo Shemeji akatetemeka na kuuliza kwa ile sauti yake ya dada wa mapokezi: je, una ruhusa ya mwenye mali?

Desderi akanigeukia. Akauliza kwa sauti ya chini kama aombe kwanza.

"Ukimwomba mfiwa ruhusa, wewe si mtani tena, ni mteja," nikamwambia. "Chukua."

Akachukua. Akavaa koti la marehemu nyuma mbele, akapanda baiskeli, akaanza kuzunguka uwanja kwa mwendo wa Mzee Kikoti mwenyewe: polepole, shingo mbele, akikohoa kila mita tano na kuwalaumu watu wote kwamba wamebana vibaya misumari ya dunia. Alimpata mzee vizuri kiasi kwamba mbwa wa nyumbani alitoka uvunguni kumfuata. Mbele ya jeneza akasimama, akalitazama, akasema kwa kikohozi kile kile kwamba viungo vya sanduku hili vimelegea, nani kalipitisha hili. Mama Kikoti akacheka. Kicheko kilimtoka kama mtu aliyepigwa mgongoni, kisha kikageuka kilio, akalia, akalia kweli, na wanawake wote wakashusha pumzi. Desderi akaondoka na baiskeli nyuma ya mashine ya kusaga, akatuma salamu kwamba bila jogoo mwekundu hairudi. Asubuhi yake jogoo akaenda, baiskeli ikarudi. Kila kitu kilikwenda kama inavyotakiwa.

Isipokuwa kikuku kilikuwa chekundu. Kijani ni salama, njano ni tahadhari. Nyekundu ni kuanzia alama sabini na tano, na sabini na tano ni kurudi gerezani. Desderi alikuwa na sabini na tisa.

*

Jumanne niliitwa Kituo cha Masharti. Afisa wetu ni Bi. Atuganile, mama wa makamo, hapendi mzaha saa za kazi, na bahati mbaya mimi sina saa nyingine. Nilimwambia kwamba nimekuja kujisalimisha mimi na jogoo. Hakutabasamu. Akawasha ukuta, na maisha ya Desderi yakatokea yamepangwa mstari kwa mstari.

Kwa wasiomfahamu Shemeji, kazi yake ni kukisia. Alifundishwa kwa majalada elfu arobaini ya vijana waliowahi kutoka gerezani, waliorudi na wasiorudi, akaambiwa atafute kinachowatofautisha. Akapata. Aliyeanza kuiba akiwa mtoto anarudi zaidi ya aliyeanza mkubwa. Aliyeacha shule, aliyehamahama vyumba, asiye na mzazi, anayekaa bila kazi kuanzia mchana hadi jioni, anayekunywa. Kila jambo lina uzito wake, uzito unajumlishwa, jumla inabadilika saa kwa saa. Desderi alikuwa na alama kumi na moja za kuanza wizi akiwa na miaka kumi na minne. Alikuwa na sita za kuwa yatima. Nilimuuliza Bi. Atuganile hizo sita kijana azipunguze vipi, afufue watu? Akasema hazipungui, ndiyo maana tunapunguza zinazopungua.

Kisha akagusa mstari mmoja, ukakua ukajaa ukuta. Ulisomeka: kuambatana na watu waliowahi kufungwa. Chini yake kulikuwa na mtu mmoja tu wa kila siku. Picha ilikuwa ya zamani, nimenyoa, sura ya mtu anayedaiwa maelezo. Gaudensi Mbawala, miaka tisa, wizi wa kutumia nguvu. Alama ishirini na mbili.

Nikasema kuna makosa. Mimi ni mlezi. Mimi ndiye dawa.

Akanieleza, bila ukali, kwamba saa za kazi mashine inanisamehe. Lakini saa za kazi zinaisha saa tisa, na mimi kila siku naondoka kwa Desderi baada ya chakula cha jioni, Jumapili nashinda naye, na sikukuu zote tatu zilizopita tumekaa pamoja. Kitambulisho changu bado kina ile alama baada ya miaka ishirini na sita. Kikuku kinaisoma, kinahesabu dakika. Hakijui kama tunapanga uporaji au tunabishana kuhusu chumvi ya maharage.

Nilipandwa na hasira, na mimi nikipandwa na hasira natania zaidi. Nikamuuliza kama mashine inajua kinachowarudisha vijana hawa. Mimi najua, nimewaona. Kijana anatoka langoni hakuna aliyekuja kumpokea. Anaomba kazi, wanaona mkono. Halafu ile saa ya jioni, majirani wanaitana kula, yeye amekaa kitandani anatazama ukuta, na mlango unagongwa. Aliyegonga ni rafiki wa zamani, kwa sababu ndiye pekee anayegonga. Nikamwambia: mimi nagonga kabla yake. Hiyo ndiyo kazi yangu yote.

"Nakuamini," akasema Bi. Atuganile. "Na kabla ya Mizani, katika kila kumi tuliowatoa, sita walirudi. Sasa wanarudi watatu. Hao watatu ambao sasa hawarudi, Mzee Mbawala, nao wana mama zao. Nimwambie nani kati ya hao kwamba niliizima kwa sababu ya utani?"

Nikamwomba basi aandike utani kuwa ni udhuru. Akasema yeye ni Mnyakyusa, anajua utani, kwenye msiba wa babu yake watani waliondoka hadi na sufuria ya wali ikiwa jikoni. Lakini akifungua mlango huo, kesho kila mwizi wa mkoa huu atakuwa mtani wa mtu.

Njia ni mbili, akasema, na kikao ni Ijumaa. Ya kwanza: mwenye mali aseme alitoa ruhusa. Alama kumi na mbili za wizi zinafutika, kijana anabaki na sitini na saba. Ya pili: mlezi aondolewe. Mimi niweke dole gumba kwamba kwa miaka minne sitamkaribia Desderi mita mia mbili, sitampigia, sitamtumia salamu. Kijana anashuka hadi hamsini na saba siku hiyo hiyo, hata kama wizi utabaki.

Akaniambia nimweleze Desderi njia zote mbili, ni haki yake. Nikasema nitamweleza.

Jioni ile tulikula ugali na mlenda chumbani kwake. Nilimweleza njia moja.

*

Jumatano nilimkuta Mama Kikoti karakanani, anapasua mianzi mwenyewe, nguo nyeusi zimejaa vumbi la msumeno. Alinikaribisha kwa kuniita mateka wake, nikamjibu kwamba mateka ndiye aliyeondoka na jogoo, na kwa dakika moja mambo yalikuwa mazuri. Kisha nikamwambia kilichonileta. Ni neno moja tu, nilimruhusu, na kijana anabaki nje.

Aliweka panga chini.

"Nilimruhusu lini?"

Nikasema si lazima iwe kweli, ni la kuandikwa tu. Akanitazama kama nimemletea baiskeli yenye gurudumu moja. Akaniambia kwamba siku ile alicheka mbele ya jeneza la mume wake, na ni kwa kucheka ndipo alipojua kwamba mume wake amekufa. Kabla ya hapo alikuwa anamngoja arudi kutoka hospitali. Kitu kile alifanyiwa. Hakukiomba. Kama alikiruhusu, basi hakufanyiwa utani, alikodi kijana aje amchekeshe, na mumewe amezikwa bila watani, na yeye mwenyewe ndiye atakuwa ametia sahihi.

Nikamwambia marehemu hatasoma hiyo karatasi.

"Desderi ataisoma," akasema. "Mimi humu ndani namfundisha asiseme kiungo kimeshika kama hakijashika, maana mtu atakipanda. Nikimtoa kwa uongo, nitamfundisha nini Jumatatu?"

Nikasema Jumatatu hatakuwepo wa kufundishwa. Sauti ilinipanda, sikujali. Nikasema ni rahisi sana kuwa mkweli wakati anayefungwa ni mtoto wa mwingine. Hilo lilimuumiza, niliona. Lakini hakurudi nyuma. Akasema atakwenda Ijumaa kwa miguu yake, atasema Desderi alichukua baiskeli bila ruhusa, na kwamba alifanya vema, na kwamba chumba cha juu ya karakana kiko wazi, kijana ahamie, ale hapo. Kama mashine yao haina mahali pa kuandika maneno hayo, waitafutie mahali.

Ningeweza kumkumbatia na ningeweza kumpiga na mwanzi. Alikuwa na haki kila upande na hakunisaidia chochote. Niliondoka nikipiga teke kila jiwe la Kihesa. Njiani Desderi alinipigia kuuliza mama amesemaje. Nikamwambia anafikiria.

*

Ijumaa tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha kikao, mimi na Desderi, na begi lake dogo la nguo katikati. Alikuwa amelipanga mwenyewe. Sweta mbili, kwa sababu anajua sakafu ya kule. Nilimtania kwamba amefunga mzigo kama bi harusi. Akafunga zipu ya begi.

Mama Kikoti aliingia, akakaa ndani muda wa kuchemsha viazi, akatoka. Alimshika Desderi kichwani kidogo, mimi akanipita, akaenda kusimama nje juani. Nyuma yake akatoka Bi. Atuganile na kibao chake cha kioo. Akasema maelezo ya mwenye mali yameandikwa yote, lakini mashine imeyasoma kuwa ni hakuna ruhusa. Alama ni sabini na tisa. Kikao kinaanza baada ya dakika kumi.

"Na ile njia ya pili?" akaniuliza. "Mmeamuaje?"

Desderi akainua kichwa. Akauliza njia ipi.

Bi. Atuganile alinitazama kwa muda ambao sikuupenda. Kisha akamweleza yeye, si mimi, kwa utaratibu, kama mtu anayesoma dawa: ishirini na mbili, mita mia mbili, miaka minne, dole gumba la mlezi. Akaniwekea kibao magotini, akarudi ndani.

Kioo kilikuwa cha baridi. Kulikuwa na duara la kuweka dole, linapumua taratibu kwa mwanga wa bluu.

Desderi hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliuliza tu nimejua tangu lini. Nikasema Jumanne. Nikaanza kueleza, na mimi nikianza kueleza sisimami. Nilimwambia kwamba mashine ile inahesabu miili, haihesabu mioyo. Inamwona mfungwa wa zamani akiingia kwako, haioni kwamba amebeba mchicha. Nikamwambia sikumficha ili kumdhuru. Nilikuwa natafuta njia bora, nilikuwa na hakika mama angekubali, na hata sasa tunaweza kuingia tukapigana nao. Wakinifuta kwenye jalada, watampata wapi mwingine kama mimi? Wanataka kumtoa mtu pekee anayekugongea mlango, halafu waseme umepona kwa sababu namba imeshuka. Na wewe unajua kinachofuata. Chumba, kitanda, ukuta. Nani atakula nawe? Nani atajua umerudi au hujarudi?

Akasema Mama Kikoti amempa chumba juu ya karakana. Wanakula watu saba pale.

Nikasema watu saba si watu wako. Wanakupenda leo kwa sababu ya msiba. Ngoja kipotee kitu kimoja pale, patasi moja tu, uone watamtazama nani. Mimi sitakutazama hivyo, hata siku moja, kwa sababu mimi nilikuwa wewe. Nani mwingine Iringa nzima anaweza kukwambia hivyo?

Mlangoni taa iligeuka njano. Dakika tano.

Nikasema kwamba ninachoogopa ni kimoja tu: nikiweka dole hili, jioni ile ya kwanza, atakuwa amekaa peke yake kwenye kiza cha saa moja, sahani moja mezani, redio ikiongea na yeye hasikii, akisubiri mtu apite tu kwenye ngazi, mtu yeyote, hata mwizi. Nilieleza chumba hicho vizuri mno. Nilieleza hadi kitasa cha mlango kinavyolia, hadi kiti cha pili ambacho hakuna aliyewahi kukikalia.

Desderi alinisikiliza hadi mwisho, kikuku chekundu mkononi. Kisha akachukua mkono wangu wa kulia, taratibu, kama anavyoshika mwanzi asioutaka upasuke, akauweka juu ya kioo, karibu na lile duara, akauacha hapo.

"Mzee wangu," akasema, "chumba hicho unachokisema si changu. Ulikuwa unaogopa mimi nirudi ndani, au wewe urudi nyumbani peke yako?"